Jiji Linaomba Mkono Wako

Kila mwaka mawingu yanapoanza kunenepa, fundi cherehani wa nyumba ya mwisho kando ya mtaro hupandisha cherehani yake juu ya matofali, mawili kila mguu. Kisha hupandisha magunia ya vitambaa juu ya kabati, kiberiti juu ya magunia, na mwisho husogeza kalenda ukutani ili ifunike alama ya maji ya mwaka uliopita. Kalenda yenyewe ilikwisha muda wake zamani, lakini ni ndefu, na urefu ndio unaotakiwa. Mtaa mzima unamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo zake hudumu kuliko suruali zenyewe.

Mwaka huo aliyapanga matofali mapema, na safari hii hakuwa akiogopea vitambaa. Binti yake wa pekee alikuwa karibu kujifungua, na alishasema kwamba hatapumzikia kwingine ila kwa mama yake. Basi mama wa mumewe akaja kukagua chumba. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye macho ya mtu anayechagua nyanya. Akainua kalenda kwa kidole kimoja, akautazama mstari wa kahawia uliopita juu kidogo ya meza ya cherehani, akaishusha taratibu.

"Mkwe, mimi sina neno na wewe," alisema. "Roho yako safi, nyumba yako safi. Lakini mtoto mchanga hajui kuogelea."

Mama Pindo alijua maneno yalikuwa ya kweli. Maji yakiingia tena, binti na mtoto wangekwenda kwa mkwe, mji mwingine kabisa, na yeye angemjua mjukuu wake kwa picha za kwenye simu. Mgeni alipoondoka, alifungua bomba ili majirani wasisikie, akalia.

Kosa lote lilikuwa la mtaro. Ulianzia mlimani, ukapita nyuma ya nyumba zote za mtaa, ukafika kwenye kalvati chini ya barabara, na hapo ukakoma. Kila masika maji yalifika kalvatini, yakakuta pamezibwa, yakarudi kutafuta milango ya watu. Jiji lilikuwa na mashine ya kuchimba, ile inayoitwa kijiko, iliyoegeshwa nyuma ya ofisi ya kata ikisubiri spea. Ilisubiri mpaka kuku wakataga ndani ya kiti cha dereva. Kikosi cha Mitaro nacho kilikuwapo, ila watu wake walishahamishiwa kwenye kazi ya kupanga viti kwenye hafla.

Ndipo mabango yalipobandikwa. Yalionyesha kiganja kikubwa kilichokunjuliwa, na juu yake herufi nene: JIJI LINAOMBA MKONO WAKO. Chini, kwa herufi ndogo, Mpango wa Kujitolea na Ushirikiano na Jamii.

Watu wa mtaa ule huyachukua maneno ya serikali kama yalivyoandikwa. Wakiambiwa njoo kesho, huja kesho. Mama Pindo alilisoma bango akiwa na pini mdomoni, akalisoma tena bila pini, na asubuhi yake akaenda ofisi ya kata kupeleka mkono.

Afisa Ushirikiano alikuwa msichana aliyehamishiwa hapo karibuni. Alipewa meza, birika la chai na boksi la glovu, akaambiwa aanzishe idara.

"Nimeleta mkono," alisema Mama Pindo.

"Karibu sana, mama. Wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kushoto, uniwie radhi. Najua si adabu kumpa mtu kitu cha kushoto, lakini wa kulia ndio wa kulia chakula."

"Jiji halichagui, mama. Weka hapo."

Mama Pindo akauweka mezani. Mkono ukaachia kifundoni kwa mlio mdogo, kama kifungo cha mto kinapofunguka, bila damu wala maumivu, isipokuwa baridi kidogo pale ulipotokea. Afisa alitaka kuutia alama usije ukachanganyika na mingine. Mama Pindo akatoa uzi wa buluu kwenye aproni, na kwa kuwa sasa alikuwa na mkono mmoja, afisa akamsaidia kuufunga kwenye kidole gumba. Kisha mkono ukavalishwa glovu, ukashuka meza, ukapita uani kwa vidole vyake vitano, ukakizunguka kijiko bila kukisemesha, ukaingia mtaroni.

"Utarudi saa ngapi?"

"Ofisi inafungwa jioni, mama. Na mikono pia."

Habari ikaenea. Alikuja muuza maziwa, alikuja mwalimu mstaafu, alikuja dada wa duka la dawa, alikuja baba mmoja aliyesema anatoa mkono kwa sababu mkewe amemwambia asirudi nao. Afisa alifunga nyuzi za rangi zote mpaka Mama Pindo ikabidi alete boksi jipya la uzi. Glovu nazo zilileta matata, kwani kila jozi ilivaliwa upande mmoja tu, lakini hilo lilipelekwa makao makuu na makao makuu yakaahidi kulitafakari.

Hata diwani alitoa mkono. Uliletwa kwa gari mchana, laini, una pete, kucha zimekatwa vizuri. Ukatandikiwa kitambaa ukingoni mwa mtaro, ukakaa hapo ukielekeza kwa kidole. Ulielekeza kule ambako wenzake walishakwisha kuchimba, na baadaye ukaelekeza ofisini kwenye chai. Muuza maziwa alitaka kuusogeza kando kwa mguu, mwalimu mstaafu akamzuia.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," alisema.

"Siubusu ng'o," alisema muuza maziwa, lakini aliuacha. Kazi ikaendelea kwa kuuzunguka.

Wa mwisho kabisa alikuwa Kinyozi. Kibanda chake kilipakana ukuta na nyumba ya Mama Pindo, na tangu mafuriko ya mwaka uliopita hawakuwa wakisalimiana. Mama Pindo alisema mtaro uliziba kwa nywele za Kinyozi. Kinyozi alisema mtaro uliziba kwa vipande vya vitambaa vya Mama Pindo. Walirushiana maneno hayo huku kila mmoja akiwa ndani ya maji mpaka magotini, na hakuna aliyeyasahau. Kinyozi ni mtu wa shoto, mkasi hushika kwa kushoto, kwa hiyo alitoa wa kulia. Ukafungwa uzi mwekundu.

Jioni mikono ilipanda kutoka mtaroni, ikapanga foleni kwenye bomba la ofisi. Hapo afisa aligundua jambo ambalo bango halikulisema: mkono mmoja haujioshi. Ikabidi ioshane, na kwa kuwa foleni ilikuwa foleni, wa buluu ukaangukiana na mwekundu. Ukausugua mgongo, ukautoa matope chini ya kucha, na mwenzake ukaurudishia hivyo hivyo. Afisa aliona, ila hakujua kwamba wenyewe hawasalimiani, kwa hiyo hakuona cha ajabu.

Mchana ndio uliokuwa mgumu. Cherehani ya kukanyaga haitaki mikono ya mtu, inataka miguu, lakini kitambaa lazima kiongozwe, na anayekiongoza ni mkono wa kushoto. Mama Pindo alijaribu kwa kiwiko, alijaribu kwa kidevu. Shati la kwanza lilitoka na mshono uliopinda kama mlevi anayerudi nyumbani. Upande wa pili wa ukuta, Kinyozi alikuwa na mkasi lakini hana wa kushikilia kichwa cha mteja, na wateja, kama ijulikanavyo, hugeuka kila gari linapopita. Mteja mmoja alitoka na panki upande wa kushoto na maombolezo upande wa kulia.

Kinyozi akaja akasimama mlangoni kwa Mama Pindo, akatazama dari.

"Nasikia una mkono wa kulia," alisema.

"Nasikia una wa kushoto," alisema Mama Pindo, naye akitazama dari hiyo hiyo.

Wakavunja mbao mbili za ukuta wa katikati. Tangu hapo Kinyozi aliongoza kitambaa kwa kushoto na Mama Pindo akashikilia vichwa kwa kulia, zamu kwa zamu, na majirani wakasema waliyosema. Hawakuombana radhi. Mtu akishakuongozea pindo lisipinde, radhi ya nini tena?

Mkono ulioko mtaroni haukukatika habari. Mwenyewe, popote alipo, alihisi unachogusa: baridi ya tope, kifuniko cha chupa, mzizi unaogoma. Mikono ilikuwa imefika kalvatini, na hapo ndipo ilipoonekana faida ya mpango. Bomba la kalvati lilikuwa jembamba. Mtu haingii, na kijiko, hata kingepata spea, kisingeingia. Mkono unaingia.

Siku hiyo Mama Pindo alikuwa ameshikilia kichwa cha mwalimu mstaafu. Ghafla akatulia.

"Nimeshika ubao," alisema. "Una herufi. Zimechongwa."

"Soma," alisema Kinyozi.

Mama Pindo akafumba macho, akasoma kwa kidole kilichokuwa upande wa pili wa mtaa. "A. Wa. Mu. Awamu."

"Awamu ya ngapi?"

"Ya Tatu."

Kinyozi akashusha mkasi. Naye alikuwa ameshika kitu. "Mimi nina Mradi wa Kuzi," alisema. "Ngoja, naufuta tope. Mradi wa Kuzibua Mtaro. Lakini huu si wako. Huu ni Awamu ya Pili."

"Na Awamu ya Kwanza iko chini yangu," alisema mwalimu mstaafu kutoka kitini, maana mkono wake nao ulikuwa kazini humo humo. "Naikumbuka. Nilikaribishwa kuimbisha wanafunzi."

Hivyo ndivyo ilivyojulikana kilichoziba mtaro. Kila meya aliyepita alizindua mradi wa kuuzibua, akasimamisha bango la mbao nene ukingoni, akapigwa picha, akaenda zake. Mvua ikaja, bango likaanguka, likasombwa hadi kalvatini, likalala juu ya mwenzake. Nywele zilikuwamo, vipande vya vitambaa vilikuwamo, lakini hivyo vilinasa tu kwenye mabango, kama nyama inavyonasa kwenye jino. Mama Pindo na Kinyozi walitazamana kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Kisha Mama Pindo akaanza kucheka, akacheka mpaka kichwa cha mwalimu kikatikisika mkononi mwake, kikagonga ncha ya mkasi, na upara wa mwalimu una alama ya kicheko hicho mpaka leo.

Kuyatoa mabango kulihitaji mikono yote ya mtaa. Afisa alisimama juu ya kalvati akiita, "Harambee!" na mikono, isiyo na masikio, ikavuta kwa sababu wenye masikio walikuwa kwenye milango yao wakivuta pumzi. Muuza maziwa aliinama kwenye mizani yake, ameuma meno. Dada wa duka la dawa alishika meza. Mtu yeyote aliyepita mtaani wakati huo angeona watu wenye mkono mmoja mmoja wamekaza shingo, hawavuti kitu chochote. Bango la kwanza likatoka. La pili likatoka. La tatu likatoka na sauti ya kizibo, na harufu ya miaka mingi ikapanda, na mtaa mzima ukasikika ukishusha pumzi kwa pamoja.

Afisa aliyasoma mabango matatu, akanywa chai kikombe kizima, akapiga simu makao makuu. Akaulizwa kama ni mali ya Jiji. Akasema yana nembo ya Jiji. Akaambiwa basi yahifadhiwe mahali pakavu.

Binti wa Mama Pindo alijifungua mtoto wa kiume siku meya alipokuwa akijiandaa kuja kuzindua. Meya mwenyewe alikuwa na ratiba ndefu, kwa hiyo uzinduzi ulifanyika kazi ikiwa karibu kwisha. Siku ya hafla binti aliruhusiwa kutoka hospitali. Akaja moja kwa moja, mtoto kifuani, mama mkwe wake nyuma na begi. Mkwe hakuingia ndani. Alisimama kwenye kizingiti, akaliweka begi juu ya ngazi ya juu kabisa.

"Tutaingoja mvua," alisema. "Isipoingia ndani, nitaingia mimi."

Mama Pindo alitikisa kichwa kukubali. Moyo wake ulikuwa unakwenda kasi kuliko cherehani. Mawingu yalikuwa yameshafika juu ya mlima.

Viti vilipangwa vizuri sana, na Kikosi cha Mitaro. Meya alisimama chini ya mwavuli ulioshikiliwa na mtu mwingine, akiwa na mikono yake yote miwili, mmoja mfukoni. Akasema Jiji limejenga. Akasema Jiji limezibua. Akasema kwa kuwa ushirikiano umefanikiwa kiasi hiki, Kikosi cha Mitaro hakihitajiki tena, na kuanzia siku hiyo kinavunjwa. Wapanga viti wakasikia wakiwa wamesimama nyuma ya viti. Kisha akavuta kitambaa, na chini yake kulikuwa na bango jipya la mbao nene, limesimikwa ukingoni mwa mtaro: Mradi wa Kuzibua Mtaro, Awamu ya Nne.

Meya akangoja makofi.

Makofi hayakuja. Si kwamba watu walikuwa na kinyongo, ingawa walikuwa nacho. Mikono yao mingine ilikuwa kazini, ikifagia tope la mwisho kalvatini, na mtu mwenye mkono mmoja hapigi makofi. Mtu wa kwanza alipunga mkono wake hewani, ukakosa mwenzake, akaurudisha pajani. Diwani naye alikuwa katika hali hiyo hiyo. Ilikuwa kimya hata ukasikia mwavuli.

Na kupitia mwavuli ndipo waliposikia mvua. Ilishuka kutoka mlimani kama mtu aliyechelewa. Maji ya kwanza yakaonekana kichwani mwa mtaro, mekundu, yamebeba majani, yakaja yakipita nyuma ya nyumba moja baada ya nyingine. Watu wakaacha kumtazama meya. Mama Pindo hakuthubutu kutazama maji, alitazama kizingiti chake na miguu ya mkwe juu yake. Maji yakafika nyuma ya nyumba yake. Yakajaa, yakapanda, yakagusa jiwe la msingi. Kisha yakapita. Yakaingia kalvatini yakinguruma, yakapotea chini ya barabara, na upande wa pili mtoto fulani akapiga kelele kwamba yametokea.

Mama Pindo aliinua mkono wake wa kulia. Hakujua anauinulia nini. Kinyozi, aliyekuwa ubavuni kwake, akainua wa kushoto. Viganja vikakutana, pa! Wakatazamana, wakarudia. Muuza maziwa akamgeukia dada wa duka la dawa. Yule baba akamgeukia mkewe. Kila mtu akamgeukia jirani, wa kulia kwa wa kushoto, na makofi yakalipuka mtaani mazito kuliko mvua. Chini kalvatini mikono ilikuwa imepanda ukutani kukwepa maji, nayo ikapigana makofi huko huko, wa buluu na mwekundu mbele, na bomba likayatoa upande wa pili kama ngoma. Mama Pindo alilia wazi mbele za watu, bila kufungua bomba lolote.

Meya akainama kushoto, akainama kulia, akashukuru kwa mapokezi.

Mkwe alibeba begi akaingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kalenda, akapapasa ukuta nyuma yake kwa kiganja kizima, chini mpaka sakafuni. Akakitazama kiganja. Kilikuwa na vumbi. Basi akaing'oa kalenda na msumari wake, na mstari wa kahawia ukabaki wazi ukutani, wala hakuuficha.

"Uacheni," alisema. "Mtoto akifika hapo, ataanza shule."

Jioni mikono ilirudi. Wa Mama Pindo ulifika umeloa na uzi wa buluu umechakaa. Ulijibandika kifundoni, na bila kungoja amri ya mtu ukaenda kushika kisigino cha mjukuu.

Mvua zilinyesha mpaka zikachoka, na nyumba ya mwisho kando ya mtaro ikabaki mahali pakavu kuliko pote katika kata. Kwa hiyo afisa, akitekeleza maagizo ya makao makuu, alileta mabango matatu yahifadhiwe hapo. Kinyozi, ambaye baba yake alikuwa seremala, aliyahifadhi kwa msumeno na randa. Kitanda cha mtoto kina Awamu ya Kwanza kichwani na Awamu ya Tatu miguuni. Mtoto mwenyewe analala juu ya Awamu ya Pili, ambayo ndiyo nene zaidi, na nembo ya Jiji iko mgongoni kwake chini ya godoro.

Mvua zilipokwisha, afisa alikuja tena na gundi na mabango ya karatasi kwapani. Haya yalionyesha bega kubwa. TUSIMAME BEGA KWA BEGA, yalisema. JIJI LINAOMBA BEGA LAKO. Alieleza kwamba ni kwa ajili ya kubeba mabomba ya maji kupeleka mlimani, kwani lori lilikuwa linasubiri spea. Alieleza bila kumtazama Mama Pindo usoni, maana alikuwa msichana mwenye haya. Nyuma yake, dirishani, bango la Awamu ya Nne lilikuwa limeshainama kuelekea mtaroni.

Mama Pindo alikuwa amesimama katikati ya chumba, mjukuu amelala juu ya bega la kushoto, mkono wa kushoto chini yake. Alilisoma bango lote, mpaka herufi ndogo.

"Bega lina mtu, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, asimwamshe. "Waambie wajaribu lao."